Mjane Niliyemchonga Kabla ya Kumuuliza

Nyinyi vijana mnaochapa fulana na mabango pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, mmeniomba niwaandikie jinsi kazi yetu ilivyokuwa zamani. Juzi nilikuja dukani kwenu nikapewa kiti cha plastiki, nikakaa kuwatazama. Binti mmoja alifuta pua ya mheshimiwa kwenye kompyuta, hakupendezwa, akabonyeza kitufe na pua ikarudi. Akaifuta tena, akairudisha tena, huku anatafuna karanga. Nilimwonea wivu, sitawaficha. Mimi Ambakisye nimechonga picha za kuchapa miaka thelathini na kitu, na kila nilichokiondoa kiliondoka moja kwa moja.

Kwa hiyo nitawaeleza habari za kuondoa. Nitawaeleza pia kosa langu moja ambalo patasi haihusiki nalo, kosa la mdomo, lililokaribia kumpotezea shemeji yangu Bupe shamba lake. Lakini tuanze na patasi, maana mlikuja kuuliza kazi, hamkuja kuungama.

Tulikuwa Iringa, miaka ya hamsini, Mwingereza bado yuko. Kiwanda chetu kilikuwa cha misheni ya Kilutheri, vyumba viwili na mashine moja ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Tulichapa vitabu vya nyimbo, vyeti vya ubatizo na kalenda. Picha tulichonga kwa mkono kwenye linoliamu, ule mpira mgumu waliotandika sakafuni katika nyumba za Wazungu. Unaugundisha juu ya ubao, unachora, halafu unachimba na kuondoa kila mahali panapotakiwa kubaki peupe. Kinachobaki juu ndicho kinachopata wino.

Aliyenifundisha ni Mzee Yohana, Mhehe, seremala wa zamani ambaye mikono yake ilikuwa na makovu kuliko mbao alizozipasua. Yeye alibatizwa Mkatoliki, akaajiriwa na Walutheri kwa sababu mtu mwingine wa kazi ile hakupatikana. Jumatatu mpaka Jumamosi alikuwa wetu, Jumapili alikuwa wao. Hakuna aliyeona shida, mpaka siku nitakayowaambia.

Fundisho lake la kwanza lilikuwa kukalia kibao. Msicheke. Julai ya Iringa inagandisha vidole, na linoliamu ikipata baridi inakuwa ngumu, patasi inateleza, inakukata wewe badala ya picha. Ukiipasha motoni sana inalainika mno. Mzee Yohana aliweka kibao chake kwenye kiti, akakikalia, akanywa uji wake taratibu mpaka ukaisha, ndipo akaanza kazi. Mgeni akiingia alikuta mafundi wawili tumekaa kimya kama kuku wanaoatamia. Alisema joto la mtu ndilo kipimo sahihi, na mimi baada ya miaka yote hii sijapata kipimo kingine.

Fundisho la pili nilijifunza kwa aibu. Kibao huchapa kinyume: kilicho kulia kwenye kibao hutokea kushoto kwenye karatasi. Mwenzenu nilichonga mkulima wa mwezi wa kumi na mbili, jembe liko mkono wa kulia, nikafurahi. Kalenda ilipotoka akaja mzee mmoja wa shamba kuchukua yake. Akatusalimu Kihehe, "Kamwene," akaitazama picha muda mrefu, kisha akamuuliza Mzee Yohana, "Huyu mnamjua? Maana hapa kwetu mwenye kulima kwa mkono wa kushoto ni mmoja tu, na hana suruali nzuri hivi." Kesho yake Mzee Yohana akaniletea kioo cha kunyolea. Kila nikichora, natazama kwanza kwenye kioo. Kioo hicho nilikitumia mpaka nikastaafu, wakati klishe za zinki, vibao vya madini visivyohitaji patasi, zilikuwa zimeshaingia na vijana wa zinki wananiita Babu Kioo.

Sasa turudi kwa Bupe. Kaka yangu Lusekelo, mume wake, alifariki huku Mbeya mwaka uleule nilipochonga yule mkulima. Alikuwa amefanya kazi migodini kusini miaka mingi, akarudi na kifua kibovu, hakumaliza msimu. Aliacha mke, watoto wawili, ng'ombe kadhaa na shamba la viazi na maharage chini ya mlima. Nilikuja kumzika nikarudi kazini. Kwa desturi yetu, matanga yakiisha ukoo hukaa kuamua nani amrithi mjane, pamoja na watoto na shamba. Kwa mpango wa kuzaliwa aliyefuata nilikuwa mimi, kijana sijaoa. Wazee walisema tutakaa baada ya mavuno. Nami sikulifikiria sana jambo hilo, kama vile linamhusu mtu mwingine.

Nikiwa katika hali hiyo, siku moja akaingia kiwandani Mama Veronika. Alikuwa mkunga, mwanamke mfupi wa huko njia ya Ilula, aliyezoea kuamuru watu walio katika maumivu. Nyuma yake walikuwa akina mama wanne wa umoja wao wa kanisani.

"Fundi," akaniambia, "tunataka picha ya kubandika masokoni. Wajane wetu wanagawiwa kama vyungu vya marehemu. Shauri likifika barazani kwa chifu, mwanamke hasemi, anasemewa na shemeji yuleyule anayemtaka. Sisi tunataka asimame aseme mwenyewe. Wengi hawajui kusoma, kwa hiyo usituletee maneno mengi. Picha iseme."

Nikaipenda kazi ile. Nilikuwa nimechoka kuchonga mashada ya maua. Nikachagua kipande kikubwa cha linoliamu, cha mwisho tulichokuwa nacho, kwa kuwa kingine kilikuwa bado kinangojwa kutoka Dar es Salaam. Nikachonga siku nne. Niliacha nyuma peusi tii, mbele nikamweka mjane amekaa chini, mikono mapajani, kichwa kimeinama hadi kidevu kinagusa kifua. Nilimchonga Bupe. Nilimkumbuka hivyo kwenye msiba, nami nikaona nimetengeneza kitu cha kumliza mtu.

Nakala ya majaribio tunaitoa kwa mkono: unapaka wino kwa rola, unalaza karatasi, unasugua kwa mgongo wa kijiko. Nikawapa akina mama. Wakaizunguka. Hakuna aliyelia.

"Amepoteza nini?" akauliza mmoja.

"Sindano," akajibu mwingine. "Anatafuta sindano."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama Veronika hakucheka. Akasema, "Fundi, umetuchonga kama waombaji. Mtu akiona hii atatoa sadaka, ataondoka. Mnyanyue."

"Haiwezekani, mama. Nilichoondoa kimeshaondoka."

"Mimi nimeshageuza watoto waliokaa vibaya tumboni," akasema. "Wewe unashindwa na mpira? Gulio ni keshokutwa."

Akaondoka. Nilikasirika sana, nawaambia ukweli. Niliona hawa watu hawajui sanaa. Mzee Yohana aliinua kibao, akakipeleka dirishani, akasema, "Kusimama hawezi tena. Kichwa tunaweza kukibadilisha. Tutatia kiraka."

Andikeni hili, ingawa hamtalitumia. Kutia kiraka kwenye kibao unakata sehemu iliyoharibika hadi kwenye ubao, unaing'oa, halafu unakata kipande kizima cha kipimo kilekile kutoka mahali pengine, unakigundisha kwa gundi ya seremala iliyochemshwa, unakibana usiku kucha, asubuhi unachonga upya. Ugumu ulikuwa kupata kipande kizima. Mahali pekee tulipoweza kukata bila kuacha tundu katikati ya picha palikuwa chini, ule ukanda mpana mweusi aliokalia mjane. Mama Veronika alirudi jioni kukagua, akatukuta tunapima pale. Akainama akatazama.

"Kichwa mnakitoa kwenye ardhi?"

"Ndiyo, mama. Picha itafupika kidogo."

"Basi msipunguze sana," akasema. "Hiyo ardhi ndiyo tunayoigombea."

Mzee Yohana akachukua kikombe chake cha bati, akakigeuza juu ya kichwa cha mjane, akachora duara kwa kufuata mdomo wa kikombe. Tukakata, tukagundisha. Asubuhi nikakaa na patasi mbele ya ule mduara mtupu, ndipo nikakwama. Uso ulioinama hauna macho. Uso ulioinuka unayataka. Nami sikuyajua macho ya Bupe. Mwanamke aliyeolewa nyumbani kwetu miaka saba, aliyenipakulia chakula kila likizo, ambaye baada ya mavuno wazee wangeniambia ni mke wangu, sikuwahi kumtazama usoni hata nikajua macho yake yako vipi. Nilijaribu kukumbuka nikapata mikono, nikapata kitenge cha maua ya zambarau, nikapata sahani. Niliona aibu peke yangu pale, ingawa hapakuwa na mtu wa kuniona. Mwishowe nikachonga macho ya Mama Veronika, maana hayo hayasahauliki.

Tukaingiza kibao mashineni tukaanza kukanyaga. Karatasi ya kwanza ikatoka. Mwanamke amekaa, kichwa juu, anakutazama wewe unayemtazama. Na kuzunguka kichwa chake, pale kiraka kilipokutana na linoliamu ya zamani na wino haukufika, palikuwa na duara jembamba jeupe, safi kabisa, kama lililochorwa na malaika.

Mzee Yohana akajikuna. "Ningetumia kisanduku cha kiberiti," akasema. Kwa kweli, kiraka cha pembe nne kisingetuletea balaa lolote. Ni sisi na kikombe chetu.

Mchungaji aliyesimamia kiwanda akaingia saa nne, akaokota karatasi, akaigeuza huku na huku. Alikuwa mtu mpole, lakini siku ile alimtazama Mzee Yohana kwa muda.

"Yohana. Huyu ni mtakatifu gani?"

"Si mtakatifu, Mchungaji. Ni mjane wa Ilula."

"Mbona ana taji la nuru? Watu watasema tumeanza kuchapa Bikira wa upande wa pili. Mimi nitawajibu nini wazee wa kanisa?"

Mzee Yohana alianza kueleza habari za gundi na kikombe, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana njama. Mama Veronika, aliyekuwa amekuja kuchukua mzigo wake, akaingia kati. "Mchungaji, ule ni upindo wa kitambaa cha kichwani. Wewe kitambaa cha mama watoto wako hakina upindo?" Mchungaji akafikiri. Akasema kama ni upindo, sawa. Baadaye nilisikia kwamba bibi wawili wa Kikatoliki walikuja sokoni wakaomba moja wakaitundike juu ya kitanda, na Mama Veronika aliwapa, mradi waje barazani siku itakayotajwa kesi. Walikuja. Akina mama wengi walikwenda mabaraza ya huko msimu ule, wakakaa nyuma ya wajane, kimya, wengine na ile karatasi mkononi. Si kila mjane alishinda. Ila walianza kuulizwa.

Mimi nilivimba kichwa. Fundi akisifiwa anakuwa hatari kuliko patasi butu. Mavuno yalipoisha nikaitwa Mbeya kwa kikao cha ukoo, nikapanda basi na koti langu, na ndani ya koti nimekunja karatasi moja. Njiani, vumbi la Makambako linaingia dirishani, nilipanga maneno. Nilijiona mtu wa nyakati mpya.

Wazee walikaa sebuleni kwa baba mkubwa. Bupe alikuwa nje jikoni, mlango wazi, anamenya viazi. Baba mkubwa alisema ya kusema, akanigeukia. Nikasimama.

"Wazee wangu, nawaheshimu. Lakini mimi simrithi Bupe. Mambo hayo yamepitwa na wakati. Mtu si ng'ombe."

Nilitegemea wakasirike. Nilikuwa na jibu la hasira zao. Baba mkubwa akatikisa kichwa tu taratibu, kama mtu aliyeambiwa mvua haitanyesha leo.

"Tumesikia. Mdogo wa marehemu amekataa. Asajile, wewe je?"

Asajile ni mtoto wa baba yangu mdogo, ana wake wawili, na shamba lake linapakana na la marehemu. "Mimi ni nani nikatae neno la wazee?" akasema, na sauti yake ilikuwa na mate ya uchu. Kikao kikafungwa. Kusafisha rola kunachukua muda mrefu kuliko ule.

Nikatoka nje kumfuata Bupe jikoni na karatasi yangu. Bupe alikuwa amesimamisha kisu.

"Shemeji," akasema, "nani alikutuma?"

"Nimekutetea, shemeji. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Uliniuliza lini?" Hakupaza sauti. "Mimi nilikuwa nakungojea wewe. Wewe uko Iringa, huna haja na viazi. Nilikuwa nimeshaongea na mama mkubwa: nitakubali kurithiwa na wewe kwa mdomo tu, ukae huko kwako, mimi nikae na watoto wangu na shamba langu. Yule Asajile analitazama shamba hili tangu mume wangu hajaenda migodini. Sasa umemfungulia mlango, na unadai nikushukuru?"

 Nikafanya ujinga wa pili, nikafungua karatasi nikampa. "Huyu ni wewe," nikamwambia. "Nilikuchonga."

Akafuta mikono, akaishika kwa ncha. Akaitazama muda mrefu kuliko yule mzee wa kalenda.

"Mikono yangu hii," akasema. "Macho si yangu."

Ndipo nilipomtazama. Ni ya kahawia, kushoto kuna doa dogo kando ya mboni, na siku ile yalikuwa mekundu, sijui kwa moshi au kwa mimi. Nikamuuliza, na wanangu, naona haya kuwaambia kwamba ilikuwa mara ya kwanza: "Shemeji, wewe unataka nini?"

"Nataka kwenda baraza la chifu."

"Nitakuja nikusemee."

Akarudia viazi vyake. Alisema tu, "Hiyo karatasi iache. Nitawaonyesha wenzangu wa kwaya."

Kesi ilitajwa baada ya majuma machache. Niliomba ruhusa, nikapanda tena basi, na tena nikapanga maneno njia nzima, safari hii ya toba na sheria. Barazani niliwakuta wanakwaya wamekaa nyuma ya Bupe, wengine na watoto mgongoni. Karatasi yangu ilikuwa imeshikwa na bibi mmoja, imekunjwa mara nne, anapepea nzi. Wajumbe watatu walikaa mezani pamoja na chifu. Asajile alivaa kofia mpya. Alisema shamba ni la ukoo, limelimwa na wanaume wa ukoo, na mwanamke hana ukoo pale. Alisema vizuri.

Karani akaandika, akainua kichwa. "Upande wa mwanamke, msemaji wake nani?"

Nikasimama, nikafunga kifungo cha koti.

"Kaa, shemeji," akasema Bupe.

Watu wakaguna. Nikakaa. Karani akamtazama chifu, chifu akatazama wale akina mama, akasema, "Aseme." Bupe akasimama. Hakutoa hotuba. Alieleza mipaka ya shamba, mtaro aliouchimba mwaka wa mvua kubwa, mbegu alizozipata wapi, mwaka viazi vilipooza, na mwaka alipolima akiwa na mimba ya miezi minane. Kisha akanigeukia.

"Sasa simama. Huyu ni mdogo wa marehemu, damu yao. Muulizeni yeye. Shemeji, umewahi kulima shamba lile?"

"Hapana."

"Kaka yako?"

"Alikuwa migodini."

"Huyu Asajile, umewahi kumwona pale na jembe?"

Asajile alinikazia macho. Baba mkubwa pia, na nilijua nikisema neno lile nyumbani kwa mzee huyo sitakaribishwa tena kula, na kweli sikukaribishwa mpaka alipokufa.

"Hapana," nikasema.

"Basi kaa."

Baraza likaamua Asajile apewe ng'ombe. Shamba walimwachia Bupe alime mpaka mwanawe akue, na kurithiwa akasema hataki, karani akaandika hataki. Mimi nilikaa palepale na hotuba yangu yote mdomoni, jasho linanitoka ndani ya koti. Kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuwafanyia wanawake ilikuwa kujibu nilichoulizwa, na kukaa nilipoambiwa.